Kumsaidia Mtoto Kutoa Yaliyo Moyoni kwa Kuchora na Kufinyanga: Mwongozo kwa Walimu na Walezi

Mtoto wa miaka saba aliyeacha kula, anayelia kila asubuhi akivalishwa sare, au aliyegeuka mgomvi ndani ya mwezi mmoja, mara nyingi hawezi kujibu swali la "Una nini?" Si kwamba anaficha. Maneno ya kulieleza jambo lililomkuta bado hajayapata, na hata angeyapata, amekwisha kuzoeshwa kwamba mambo mazito ni ya wakubwa. Mtoto huyo huyo, ukimpa karatasi, kipande cha mkaa na nusu saa ya utulivu, huanza kulisogelea jambo lake kwa mkono kabla ya kulifikia kwa mdomo. Nimeendesha vipindi vya namna hii na watoto wa shule ya msingi kwa miaka kadhaa baada ya masomo ya mchana, na hatua ninazozieleza hapa ndizo ninazozifuata mwenyewe. Zinamfaa mwalimu, mlezi wa kituo cha watoto, mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili, na mzazi anayetaka kuanza na mtoto mmoja tu nyumbani.

Jambo moja liwekwe wazi tangu mwanzo. Tiba ya sanaa ni taaluma kamili. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1942, baada ya kuona jinsi kuchora kulivyomsaidia yeye na wagonjwa wenzake wakati alipokuwa akitibiwa kifua kikuu, na leo katika nchi kadhaa watu huisomea chuoni na kufanya kazi chini ya usimamizi. Kwetu Afrika Mashariki wataalamu wa aina hiyo ni wachache sana. Tutakachokifanya sisi ni kutumia sanaa kumtegemeza mtoto, bila kumtafutia ugonjwa wala kujitwalia jina la tabibu. Anayefunga kidonda kwa kitambaa safi hajawa daktari, lakini amefanya jambo lililopaswa kufanywa wakati ule.

Hatua ya kwanza: jiandae kabla ya kugusa karatasi

Zungumza na wazazi au walezi, uwaeleze utakachofanya, na upate idhini yao. Zungumza pia na mwalimu mkuu au msimamizi wa kituo. Kisha, kabla mtoto yeyote hajaketi mbele yako, ujue utampeleka kwa nani ikiwa atakuonyesha jambo lililo kubwa kuliko uwezo wako: afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, mnasihi wa hospitali iliyo karibu, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure Tanzania na pia Kenya. Andika majina na namba hizo kwenye karatasi, uibandike mahali unapoweza kuiona. Usingoje siku ya tukio ndipo uanze kuulizia.

Panga watoto sita hadi wanane, siku moja ya juma, saa ile ile, mahali pale pale, kwa muda wa dakika arobaini na tano hivi. Mtoto ambaye mambo ya nyumbani kwake yamevurugika hupata faraja kubwa kwa kujua tu kwamba Jumatano saa tisa mkeka utakuwa umetandikwa na mwalimu atakuwepo. Ukiahidi kuja, uje. Ikikubidi kukosa, waambie mapema na kwa mdomo wako mwenyewe.

Hatua ya pili: vifaa na mahali

Vifaa visikukatishe tamaa. Mkaa wa jikoni huchora mstari mzito na mwororo kuliko penseli nyingi za dukani. Bizari iliyokorogwa kwa maji kidogo hutoa rangi ya manjano, choya iliyochemshwa hutoa wekundu, na vipande vya khanga na vitenge kutoka kwa fundi cherehani, pamoja na uji mzito wa unga wa ngano kama gundi, vinatosha kwa picha za kubandika. Karatasi zinaweza kuwa migongo ya kalenda za zamani. Usitumie migongo ya mitihani, hata kama imejaa kabatini, kwa sababu mtoto anayegeuza karatasi na kukutana na alama ya kosa ya kalamu nyekundu hurudi papo hapo kuwa mwanafunzi anayeogopa kukosea, na hilo ndilo tunalotaka aliache mlangoni.

Udongo wa kichuguu ni hazina. Uponde, uchekeche, uuloweke usiku kucha, kisha uukande mpaka uache kunata mikononi. Ukihifadhiwa katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri hukaa laini kwa siku nyingi.

Ukinunua penseli za rangi, hakikisha zimo rangi za kahawia za kukoza na za kufifia, ili mtoto aweze kujichora kwa rangi ya ngozi yake mwenyewe. Na fahamu kwamba baadhi ya familia za Kiislamu hazipendi kuchora viumbe vyenye roho. Hapo hakuna kikwazo chochote: nakshi, majani, nyumba, bahari, mapambo kama ya hina na mistari ya ukili hubeba hisia sawasawa na sura ya mtu. Muulize mzazi siku ya kuomba idhini, usimwachie mtoto kazi ya kuamua kati yako na nyumbani kwake.

Hatua ya tatu: kufungua kipindi

Keti nao chini, usisimame juu yao. Kila mara anza kwa namna ile ile: salamu, pumzi tatu za taratibu, kisha makubaliano. Mimi huwaambia kwamba hapa hakuna mchoro mbaya, hakuna anayelazimishwa kueleza alichochora, na hatucheki kazi ya mwenzetu. La nne nalisema polepole zaidi: "Mtakachoniambia sitakitangaza. Lakini mtu akiniambia kwamba kuna anayemuumiza, nitamtafuta mtu mzima wa kutusaidia, na nitamwambia kabla sijakwenda." Usimwahidi mtoto siri isiyo na mpaka. Siku utakapolazimika kuivunja, utakuwa umemthibitishia kwamba wakubwa hawaaminiki.

Kipindi cha kwanza kiwe cha mistari tu. Waambie wachore mstari unaotembea kama mtu aliyechoka, mstari unaoikimbia mvua, mstari uliokasirika, mstari unaotaka kulala. Hakuna awezaye kukosea kuchora mstari, kwa hiyo yule anayesema "Mimi sijui kuchora" hujikuta amekwisha kuchora kabla ya kumaliza kukataa.

Hatua ya nne: ramani ya mwili

Zoezi hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, na sababu yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha yetu haiziachi hisia zikielea hewani. Huzipa makao mwilini. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto, au roho yake iko juu. Aliyezuia kilio ana donge kooni. Mwenye hasira kichwa kinamwaka moto, aliyeogopa miguu imemwisha nguvu, na aliyetulia roho yake ni kwatu. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajui neno "wasiwasi" anaijua vizuri sana habari ya tumbo joto, kwa sababu ameisikia kwa mama yake.

Chora umbo la mtu kwenye karatasi kubwa, bila sura na bila nguo, na kila mtoto awe na lake. Baadhi ya miongozo husema mtoto alale chini achorwe kuzunguka mwili wake. Mimi silifanyi hilo, kwa sababu yuko mtoto ambaye kulazwa chini na kuinamiwa na mtu mzima kunamrudisha kwenye jambo baya, nawe huwezi kumjua kwa kumtazama. Kisha waache wachague rangi moja kwa kila hisia: ipi ni ya hofu, ipi ya furaha, ipi ya hasira. Uchaguzi ni wao, na si lazima nyekundu iwe hasira. Halafu waulize: siku ile ulipoogopa, hofu ilikaa wapi? Ipake hapo. Ilikuwa kubwa kiasi gani? Na furaha, yenyewe hukaa wapi?

Mvulana mmoja wa miaka tisa alipaka miguu yote miwili rangi ya kijani, akaikandamiza penseli mpaka karatasi ikachanika kwenye nyayo. Nilipomuuliza kama angependa kuniambia habari za ile kijani, alisema, "Ni hofu, mwalimu. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, miguu inakuwa mizito." Sikumuuliza mbele ya wenzake nyumbani kuna nini. Nilimwambia kwamba nimemsikia na nimefurahi ameniambia, nikamwomba anisaidie kukunja mkeka wengine wakiondoka, na hapo ndipo alipoendelea.

Ikiwa mtoto ataendelea namna hiyo na kukuambia kwamba anapigwa, anashikwa sehemu zake za siri, au hapewi chakula, sikiliza mpaka mwisho bila kuonyesha mshtuko. Mwambie unamwamini na kwamba si kosa lake. Usimhoji kama askari, usimtilie maneno mdomoni kwa maswali ya "Ni baba, sivyo?", na usimwendee anayetuhumiwa kwa nia ya kumkemea, kwa kuwa hasira yake itamwangukia mtoto usiku ule ule. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, weka tarehe, kisha peleka taarifa siku hiyo hiyo kwa watu uliowaorodhesha katika hatua ya kwanza. Mchoro wenyewe uutunze, lakini usiupeleke kwa mtu yeyote kama ushahidi unaojitosheleza. Lenye uzito ni neno la mtoto, na wa kulichunguza ni wale waliofundishwa kazi hiyo.

Hatua ya tano: kuzungumza juu ya mchoro

Hapa ndipo watu wazima wengi tunapoharibu, na mimi nimeharibu pia. Msichana mmoja wa darasa la pili alichora basi kwa wiki tatu mfululizo: basi refu, lenye madirisha mengi yaliyopangwa sawasawa. Kila wiki nilipita nyuma yake nikasema, "Basi zuri sana!" nikaendelea na wengine. Wiki ya nne niliketi kando yake, nikanyamaza kidogo, nikasema, "Niambie habari za basi lako."

"Linatoka Singida," alinijibu. "Linakwenda kumchukua bibi. Likirudi, hayumo."

Madirisha yote yalikuwa matupu. Nilikuwa nimeyaona kwa wiki tatu na kuyasifu. Mama yake alinieleza baadaye kwamba bibi alifariki miezi miwili iliyopita, na kwamba nyumbani walimwambia mtoto bibi amesafiri, kwa kutaka kumpunguzia uchungu. Mtoto alikuwa akilingoja basi. Mama alikubali kumweleza ukweli, akafanya hivyo jioni moja akiwa amempakata, kwa maneno mepesi: bibi aliugua, akafa, hatarudi, na kumlilia si vibaya. Wiki iliyofuata alimchora bibi ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi. Basi lilirudi tena mara mbili tatu katika michoro ya baadaye, nami sikulizuia.

Kwa hiyo acha "Nzuri!" iwe akiba ya mambo mengine. Sifa humwambia mtoto kwamba kazi imekwisha kupimwa na hakuna la kuongeza. Badala yake taja unachokiona: "Naona umekandamiza sana hapa juu," au "Naona nyumba hii iko peke yake pembeni." Kisha fungua mlango kwa "Niambie habari zake." Ukitaka kuendelea, uliza juu ya walio ndani ya mchoro: huyu anasema nini, nini kilitokea kabla ya hapa, angependa nini kitokee sasa. Kuzungumza juu ya "huyu" ni rahisi kwa mtoto kuliko kuzungumza juu ya "mimi". Epuka "Kwa nini?", ambalo masikioni mwa mtoto ni swali la kukaripiwa, na epuka "Hii ni nini?", ambalo humwambia kwamba mchoro haueleweki. Akisema hataki kueleza, jibu "Sawa" kwa moyo mmoja. Kuchora kwenyewe kumekwisha kufanya sehemu ya kazi.

Nasisitiza tena: usiufasiri mchoro. Watu hupenda kusema kwamba rangi nyeusi ni huzuni, kwamba mtu asiye na mikono ni mtoto aliyeonewa. Mtoto wa miaka mitatu au minne huchora mtu kama kichwa chenye miguu tu, na hiyo ni hatua ya kawaida kabisa ya ukuaji. Mtoto wa miaka mitano hupaka mama rangi ya bluu kwa sababu anaipenda bluu. Na kabla ya kushtushwa na ukurasa mzima mweusi, angalia boksi la rangi, kwa maana huenda nyeusi ndiyo iliyobaki ndefu. Kinachostahili jicho lako ni badiliko: mtoto aliyekuwa akijaza karatasi sasa anachora kitu kidogo pembeni, au jambo moja linarudi kila wiki bila kusogea mbele wala nyuma.

Kurudia huko hutokea sana baada ya maafa. Mtoto aliyeona maporomoko ya tope kama yale yaliyoikumba Katesh, wilayani Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, anaweza kuuchora mlima ule ule na nyumba ile ile kila akipewa karatasi. Mwache, kwa kuwa mara nyingi ndivyo anavyolipanga jambo akilini mwake. Lakini ukiona kwamba kila akichora anazidi kutetemeka, pumzi inambana au anajifunga kimya, usimsukume aendelee. Muulize ni nani aliyekuja kusaidia, amchore huyo. Kisha achore mahali anapojisikia salama, hata kama ni chini ya meza ya jikoni kwa shangazi, na kipindi kiishie hapo. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto hapati usingizi, hali chakula, au anasema heri afe, mpeleke kwa mtaalamu wa afya bila kungoja kipindi kingine.

Hatua ya sita: chagua zoezi kulingana na mzigo

Mwenye hasira mpe udongo. Karatasi huchanika, na mtoto akichana huona amefanya kosa jingine. Udongo hupigwa, hupondwa, hukanyagwa, na baada ya yote hukandwa upya. Mwache auponde kwa dakika kumi bila kumwambia atengeneze chochote. Mkono ukishalainika, mara nyingi kitu huanza kuumbika chenyewe.

Aliyefiwa humfaa kitabu cha kumbukumbu. Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliwaandalia watoto wao vitabu vya aina hiyo, vyenye habari za ukoo, picha, na yale ambayo mama alipenda mwanawe ayajue. Nawe waweza kushona karatasi kumi kwa uzi, mtoto akachora humo chakula alichopika marehemu, wimbo aliouimba, nguo aliyoipenda, na akabandika kipande cha khanga yake kama familia imeridhia. Zoezi hili lifanywe polepole, ukurasa mmoja kwa kipindi, na afadhali ndugu mmoja ashirikishwe, kwa kuwa majibu ya maswali ya mtoto yako kwake na si kwako.

Kwa kundi zima, hasa lenye watoto waliopitia shida zinazofanana, mti wa maisha ni zoezi zuri mno. Liliasisiwa kusini mwa Afrika na mwanasaikolojia Ncazelo Ncube kutoka Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia, likianzia kwa watoto walioachwa yatima na UKIMWI. Mtoto huchora mti. Kwenye mizizi huweka alikotoka, lugha za nyumbani na waliomlea. Kwenye ardhi, mambo anayoyafanya kila siku. Kwenye shina, yale anayoyaweza. Kwenye matawi, matumaini yake. Majani ni watu anaowathamini, hata waliokufa. Matunda ni mema aliyotendewa. Kwanza humalizwa mti, miti yote ikabandikwa ukutani ikawa msitu, ndipo mazungumzo yanapogusa dhoruba na namna miti inavyozistahimili. Mpangilio huo usigeuzwe. Mtoto huanza kusimama kwenye shina lake ndipo aitazame dhoruba.

Hatua ya saba: kufunga, na kuitunza michoro

Dakika kumi za mwisho zisiwe za kuchora. Kusanyeni vifaa pamoja, nawisheni mikono, imbeni wimbo mmoja, na kila mtoto aseme atafanya nini akifika nyumbani. Usimrudishe mtoto barabarani akiwa bado na machozi yanayolengalenga.

Kila mtoto awe na jalada lake, na aandike jina lake nyuma ya kila mchoro. Msanii Friedl Dicker-Brandeis, aliyewafundisha watoto kuchora wakiwa wamefungiwa katika ghetto ya Terezín, mji ambamo Wanazi wa Ujerumani waliwazuilia Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwasisitizia waandike majina yao kwenye kazi zao. Alipopelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz mwezi Oktoba 1944 aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, na kwa watoto wengi waliouawa, michoro ile ndiyo iliyobeba majina yao hadi leo.

Majalada yafungiwe kabatini. Usiibandike michoro ukutani bila ruhusa ya aliyechora, usiwaonyeshe wageni na wafadhili, na kwa hali yoyote usiipige picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kwa nia ya kuomba msaada.

Muhula ukiisha, keti na kila mtoto peke yake, mfungue jalada lake pamoja, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia ile mistari ya siku ya kwanza. Kisha muulize anataka lifanywe nini. Wapo wanaolibeba kwenda nalo nyumbani, wapo wanaochomoa karatasi moja na kuichana mbele yako, na wapo wanaosema, "Nitunzie, mwalimu." Yule wa basi alichukua michoro yote ya basi akaniachia mimi, akaondoka na ule wa kigoda.